Fundo la Bi Mize

Isome taratibu, kisha mpelekee ndugu yako, hasa yule mliyenuniana.

Bi Mize alikuwa mkulima wa mwani. Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, na ya mdogo wake, Raya, upande wa pili. Chupa na makopo yake ya plastiki alikuwa akiyatia kwenye mfuko, anaufunga kwa taitai, ile kamba ya kufungia mwani, na kuutupa majini wakati maji yanatoka.

"Bahari kubwa ile," akisema. "Itakwenda nao huko mbali."

Lakini kila maji yakijaa, mwani wake ulizongwa na plastiki, ukakatika hovyo. Bi Mize akatazama ng'ambo, akapandwa na hasira.

"Raya! Taka zako zinaniulia mwani!"

"Wallahi dada, zangu nafukia uani."

"Muongo mkubwa we! Kuanzia leo sikujui."

Wakasusiana, jamani, watu wa tumbo moja! Raya akimpungia mkono, mwenzake anageuza uso. Miaka ikapita. Hata Raya alipougua akatuma mtu kumwita, Bi Mize alijibu, "Akaokote taka zake kwanza."

Asubuhi moja akaletewa habari: Raya hatunaye tena.

Bi Mize alivuka analia. Baada ya maziko, nyuma ya nyumba ya marehemu akakuta rundo la mifuko. Kumbe kweli alikuwa muongo! Akainama kuutazama mmoja. Taitai ilifungwa kishoto. Na hapo horini, mashoto alikuwa Bi Mize peke yake.

"Mama alikuwa akiiokota kwenye mikoko," alisema Mwanakheri, binti wa marehemu. "Maji haya hayendi mbali, mama mkubwa. Yakitoka yanaileta kwetu, yakijaa yanairudisha kwako. Aliyoiwahi ndiyo hii. Iliyompita ilipasuka, ikarudi kwenye mwani wako."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema, 'Dada ataona haya.' Na alipokuita, alitaka akuone tu."

Bi Mize akakaa chini mchangani, mfuko mapajani.

"Kumbe fundo ni langu mwenyewe," akasema, "nami nimekaa nalo moyoni miaka yote hii!"

Aliyestahili kuyasikia maneno hayo alikuwa ameshazikwa.

Funzo: Kabla hujamlaumu wa ng'ambo kwa taka zilizokufikia, tazama kwanza zimefungwa na mkono wa nani. Bahari itakurudishia ulichotupa, lakini ndugu uliyemtupa haitakurudishia.