Tumbawe Lisiloguswa

Wapendwa, nimezunguka nchi nyingi nikihubiri, na kwingi nimeshiba kuliko nilivyohubiri. Leo sikieni habari za mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyefuga matumbawe sebuleni kwake. Ndiyo, matumbawe ya baharini, yale ambayo mimi na ujuaji wangu wote nilidhani ni mawe. Ni viumbe hai. Aliyalea kwenye tangi la kioo lenye maji ya chumvi, yakachanua kama bustani.

Siku moja wifi yake akamletea tumbawe la zambarau, zawadi. Wafugaji wana kanuni: tumbawe geni hukaa kwenye ndoo yake peke yake wiki kadhaa, likichunguzwa. Mama alijua. Miaka thelathini aliwatenga wagonjwa wa kipindupindu wodini, angekosaje kujua? Lakini wifi yupo hapo kwenye kochi, anatazama. Wewe ungeitia zawadi ya wifi kwenye ndoo ya kudekia? Akaitumbukiza tangini, akashukuru, akaleta chai.

Mwezi haukuisha, matumbawe yakapauka, yana madoa ya kutafunwa. Akamwita fundi wa matangi.

“Ni minyoo bapa, mama. Rangi yake ni ya tumbawe lenyewe, ndiyo maana huioni. Tuyatoe yote tuyachovye dawani.”

“Yote?”

“Yote. Na dawa inaua minyoo tu, mayai haiyawezi. Yakianguliwa tunachovya tena. Kila wiki, wiki sita.”

Mama akajifunga kibwebwe. Kila Jumamosi ndoo, dawa, brashi. Minyoo ikawa inadondoka kama makapi. Wiki ya sita akashusha pumzi. Wiki ya nane madoa yakarudi, na matumbawe mawili yakafa.

“Huyu wifi kaniletea balaa gani?”

Fundi akachungulia kiooni. “Mama, lile kubwa la kijani pale katikati tulilichovya lini?”

Mama akakinga kioo kwa kiganja. Kisha akasema, “Lile liache, mwanangu. Nimelilea miaka tisa. Limeshikana na jiwe, kulitoa ni kulivunja.”

“Basi tusiyasumbue haya mengine. Yaache yafe yakiwa safi.”

Mama akachukua koleo, akalivunja kwa mkono wake. Huko chini kwenye shina, mayai yamejipanga kama mtama. Akaokoa vitawi vitatu, urefu wa kidole, vizima. Shina akalitupa. Akaanza upya, wiki ya kwanza.

Sasa, ndugu zangu, tusimcheke. Sisi tunatubu kila Jumapili. Tunatoa uongo, tunatoa umbea, tunachovya, tunasugua. Yakirudi tunamtafuta wifi wa kumlaumu. Kumbe kuna tumbawe moja hatujaligusa, tumelikalisha katikati ya sebule na wageni wanalisifia. La kwangu ni kiburi cha kujua kila kitu. Mke wangu yuko benchi la tatu, atawathibitishia.

Je, la kwako ni lipi? Usiniambie mimi, mdomo wangu mwauona. Ila leo ukipiga magoti usiseme “dhambi zangu zote”. Hiyo ni njia ya kulipita bila kulitazama. Litaje kwa jina. Litauma, na wiki ijayo utalitaja tena, na ijayo tena, mpaka liishe.