Springi za Gari la Wagonjwa

Wapo watu wanaopenda kuwachagulia wenzao. Huwachagulia njia wasiyoipita na dawa wasiyoinywa, kisha hushangaa wakiambiwa kuwa mambo hayaendi. Wahenga hawakuwatukana watu hao. Waliwaambia tu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakazi wa kilima kimoja juu ya soko la Kiptere walihitaji gari zima ili waielewe methali hiyo.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser kuukuu la pikapu, lililonunuliwa kwa harambee baada ya mama mmoja kufia njiani akiwa amebebwa kwenye kiti cha mbao. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwashusha wagonjwa hadi kwenye lami na kuwafikisha hospitalini mjini Kericho. Siku nyingine lilibeba mbolea na watu wa sokoni. Njia ya kilimani ilikuwa mawe matupu. Kila msimu wa kura kokoto ziliahidiwa, na zile chache zilizowahi kufika zilimwagwa mbele ya malango ya wakubwa. Watu hawajasahau, wala hawana sababu ya kusahau.

Springi za nyuma zilipolegea na gari likaanza kukwaruza tumbo kwenye mawe, kamati ilikutana kwenye banda la kuuzia majani chai. Mwenyekiti, mzee Nicholas Kipkemoi, alileta habari kutoka gereji. Kulikuwa na springi za namna mbili. Za kwanza zilikuwa nene, za kubebea mizigo mizito, na zingeliinua gari juu ya mawe yote. Za pili zilikuwa laini zaidi, zikiwa na shoko za kuzituliza, ila zisingebeba mzigo mkubwa.

"Tuchukue zile nene," alisema Nicholas. "Gari lisimame kama fahali. Tusirudi gereji kila mwezi kama watu wasio na akili."

Rodah alisimama. Huyu alikuwa mama mchuma chai ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya.

"Mzee, wewe hukaa mbele na dereva. Umewahi kulala huko nyuma?"

"Mimi namshukuru Mungu, sijawahi kuugua."

"Basi waulizeni wanaougua! Wifi yangu Janeffer ndiye hulala humo kila Jumanne na Ijumaa. Ameulizwa na nani?"

"Mama, Janeffer ni mgonjwa," alijibu Nicholas kwa upole uliouma kuliko tusi. "Tusimsumbue na mambo ya vyuma."

Watu walicheka. Kamati ile ile ndiyo iliyowahi kujenga josho la ng'ombe mahali ambapo ng'ombe hawafiki, na siku hiyo pia walicheka. Springi nene zikanunuliwa.

Jumamosi gari lilijaribiwa. Lilipakiwa magunia ya mbolea hadi ukingoni, na watu wakajaa juu yake kama ndege juu ya mtama, kwa maana kilimani kupita na gari tupu ni aibu kwa dereva. Rodah naye alipanda, akiwa amekunja uso, akitafuta kosa. Hakulipata. Gari lilipita juu ya mawe kwa utulivu kama ng'ombe mwenye mimba.

"Sema, mama!" Nicholas alimpigia kelele kutoka mbele. "Unaumia wapi?"

"Liko sawa," Rodah alikiri bila kupenda.

Jumanne ilipofika, Janeffer alitandikiwa godoro nyuma. Figo zake zilikuwa zimekufa, na bila kusafishwa damu mara mbili kwa wiki asingeishi. Watu waliosubiri kando ya njia waliona godoro, wakavua kofia na kurudi nyuma. Ndiyo desturi ya pale: mgonjwa hasongwi. Hupewa gari lote, hata kama wewe utatembea hadi Kiptere kwa miguu. Oyoo, dereva aliyetoka pande za ziwani miaka mingi iliyopita, akateremka kilima akiwa na mgonjwa mmoja tu nyuma yake.

Gari liliruka kama punda aliyeumwa na siafu. Oyoo alipunguza mwendo hadi kuku wakampita, lakini halikutulia. Janeffer alirushwa hewani na kurudishwa chini kwa kishindo. Aliposhika ukingo ili asianguke, mkono wake wenye mshipa wa kusafishia damu ulijigonga, ukavimba, ukatoka damu. Hospitalini walifanikiwa kumsafisha kwa shida. Wakamwonya kwamba mshipa huo ukiharibika, hana mwingine wa haraka.

Asubuhi ya Ijumaa alikataa kutoka nyumbani.

"Siendi, Rodah. Kama ni kufa, nitafia hapa. Kitanda changu hakirukiruki."

Rodah alikwenda moja kwa moja hadi kwa Nicholas, kanga ikiburutika nyuma, na Oyoo akamfuata na gari.

"Mwenyekiti, toka nje! Wifi yangu amechagua kufa kwa sababu ya springi zako."

"Mbona unanitafutia makosa? Si ulipanda Jumamosi? Ulisema nini mbele ya watu?"

Rodah aliufungua mlango wa nyuma wa gari.

"Nilisema liko sawa," alisema. "Sasa panda wewe. Peke yako. Nyuma. Tena ulale, usikae."

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Nicholas aliwatazama, akaona hakuna pa kurudi, akavua koti.

"Oyoo, wewe endesha kama kawaida."

"Nitaendesha pole, mzee, kama ninavyombeba Janeffer."

Hawakufika mbali. Walipofika kwenye mteremko wa mawe, ngumi zilisikika zikigonga kioo kilicho nyuma ya dereva. Oyoo alisimama. Mwenyekiti alishuka akiwa ameshika mbavu, uso umempauka, kofia haijulikani iliko. Alilizunguka gari, akazitazama springi.

"Hili ni gari lile lile la Jumamosi?"

"Ni lile lile, mzee."

"Siku ile tulilijaza," Nicholas alisema polepole. "Lilikuwa na mzigo wa kulikalisha chini. Lakini mgonjwa tunamwacha peke yake, eti kwa heshima. Tumenunua springi za mbolea."

"Na sasa?" aliuliza Rodah. "Mtakaa kamati tena?"

"Zitabadilishwa, na Janeffer ndiye atakayechagua. Lakini leo lazima afike."

"Tupakie mawe."

"Mawe yatamrukia, mama. Tupakie watu."

Ndipo Nicholas mwenyewe alipopita nyumba kwa nyumba akiivunja desturi aliyolelewa nayo. Godoro likawekwa katikati, Janeffer akalazwa, na majirani wakamzunguka bega kwa bega, wanene wakiitwa kwanza. Mwenyekiti aliketi sakafuni kichwani pa mgonjwa, akiushika ule mkono wenye mshipa usiguse chuma.

"Mnanipeleka hospitali ama mnanipeleka harusi?" Janeffer aliuliza, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

"Nyamaza, bibi harusi," Rodah alimwambia. "Gari likiruka, useme. Leo wanasikia."

Gari lilishuka likiwa limetulia. Janeffer alifika, akasafishwa damu, akarudi akiwa hai. Zilipowekwa springi laini, yeye ndiye aliyelala nyuma na kuamua kama zinafaa, huku kamati nzima ikisubiri kando ya njia. Hakuna aliyecheka safari hiyo, maana walikuwa wamejua kwa mbavu za mwenyekiti wao kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.