Kidari cha Mama Elinami

Hapo zamani, jamaa zangu, huko Uchagani mlimani, aliishi mjane aitwaye Ndeshukurwa. Mwanawe wa pekee, Elinami, alifanya kazi Tanga, na kila Krismasi alipanda nyumbani na mkewe, Mkunde. Mwaka mmoja alitangulia peke yake. Gari likapinduka njiani, akafa. Akazikwa mgombani wakati wenzake wanachinja mbuzi wa sikukuu.

Tangu hapo, Krismasi ikifika, Ndeshukurwa alifunga mlango. Kanisani hakukanyaga tena.

Mkunde, naye mfiwa, angeweza kubaki kwao. Hakubaki. Krismasi ya kwanza alikuja, akagonga, hakufunguliwa. Akaingia jikoni uani, akapika mtori wa ndizi na nyama, akauacha kizingitini, akaondoka. Ya pili vilevile. Mama mkwe aliula mkwewe akishaondoka.

Krismasi ya tatu Mkunde akaja tena, akawasha moto. Asubuhi hiyo akapita mzee wa kanisa, Mzee Materu. Ndeshukurwa akamwambia dirishani kwamba hana la kusema na Mungu.

"Unalo," mzee akajibu. "Una ugomvi naye. Basi njoo umwambie mwenyewe. Mtu hasutwi akiwa hayupo."

Ndeshukurwa akamfukuza. Lakini neno lile lilimkaa.

Kengele ya ibada haijalia, akaja jirani, Kisanga, aliyemzika mkewe msimu ule wa kahawa. Hakuleta kitu. Alisimama uani, akauliza, "Mama, siku hii wewe huwa unaipitishaje?"

Ndeshukurwa alitaka kusema kwamba haipitishi, inampita tu. Akatazama moshi wa jikoni. Akafungua mlango.

"Huwa napikiwa," akasema. "Karibu tule."

Wakala wote watatu, pamoja na Mkunde. Kisha Ndeshukurwa akajitanda khanga, wakaenda kanisani. Alikaa benchi la nyuma, akamwambia Mungu yote, hata yale ambayo watu hawayasemi kanisani. Kwaya ilipoimba alilia, na hakuna aliyemnyamazisha. Uchungu haukuisha. Ila alitoka akijua kwamba amesikilizwa.

Krismasi iliyofuata akachinja mbuzi, akawaalika wote watatu. Kwao kidari ni nyama ya heshima: hupewa mtu mmoja, hakigawanywi. Akasema atampa yule aliyemrudisha kwa watu na kwa Mungu.

Mzee Materu akasema, "Mimi nilimwonyesha pa kuupeleka uchungu wake. Bila neno langu angeshiba tu, asingesali."

Kisanga akasema, "Mzee, wewe ulifukuzwa na neno lako. Mlango ulifunguka nilipouliza mimi, kwa sababu sikuja kumfundisha. Nilikuja kwa kuwa nami nilikuwa naumia."

Mkunde alikuwa akipuliza moto. Alisema bila kugeuka, "Ninyi mlikuja mara moja, mkakuta moto nimeshauwasha. Mimi nilikuja hata pale mlango ulipofungwa, na mume aliyekufa alikuwa wangu."

Ndeshukurwa ameshika kisu, na wote watatu wamesema kweli. Haya, ninyi mnaonisikiliza: kidari kile, nani alikistahili?