Farasi Tufani na Ndevu za Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeni, alitawala sultani jina lake Zahrani, mtu mwenye ndevu nyingi na subira kidogo. Alikuwa na farasi mweusi aitwaye Tufani, mzuri wa kutazama, balaa la kupanda. Akianza mbio hasimami. Sultani akivuta hatamu kwa nguvu zake zote, farasi hukaza shingo kama nguzo na kuzidi kwenda, hata ikawa wafunzaji wa farasi wameuhama mji, wengine bila kuwaaga wake zao.

Basi siku moja Tufani akampitisha sultani mlango wa jumba lake mwenyewe, akampitisha bohari na kisima, akaja kumbwaga sokoni ndani ya tenga la dagaa. Karibu na tenga hilo alikuwa ameketi Machano, maskini asiye na kitu ila maneno yake, akingojea kupewa vichwa vya samaki. Watu wote wakainama wakajifanya hawakuona. Machano peke yake akacheka.

"Wacheka nini, ewe mtu?" akauliza sultani, na dagaa mmoja amemning'inia sikioni.

"Nisamehe, bwana wangu. Namhurumia farasi. Yeye ataka kusimama, lakini kila akitaka, mtu amemning'inia kinywani."

Sultani akawaka. "Vema! Wewe ndiwe utakayemfunza. Siku ya Idi, mbele ya watu wote, nataka aongozwe kwa unywele mmoja wa ndevu. Akimbie na kikombe cha kahawa juu yake, lisimwagike hata tone. Nikisema 'simama', asimame papo hapo. Wala asimpande mtu mwingine ila mimi. Ukishindwa nitakufungia zizini, ule majani pamoja naye hata ujue kulia kama farasi!"

Machano akarudi kwake, kicheko kimemkauka. Maana maishani mwake hakupata kupanda hata punda. Akisimama juu ya kigoda huona kizunguzungu. Njiani akachuma jani akalitafuna, aone maisha ya zizini yatakuwaje. Akalitema upesi. Uchungu ule ukamfanya aipitie amri ya sultani neno kwa neno, na alipofika mlangoni pake alikuwa akitabasamu.

Kulipokucha akaenda katika ua wa jumba. Akaifungua hatamu kutoka kwenye lijamu, kile chuma cha kinywani mwa farasi, kisha akamwendea sultani, mkono ameunyosha.

"Naomba unywele, bwana."

"Unywele gani?"

"Wa ndevu. Ndivyo ilivyo amri. Mimi, kama uonavyo, Mungu hakunijalia," akasema Machano akijipapasa kidevu kitupu. "Na ndevu bora mjini hapa ni za nani, kama si zako?"

Sultani hakuweza kulikana hilo. Akang'olewa unywele, machozi yakamlenga. Machano akaiunga hatamu na lijamu kwa unywele ule, kisha akajaza kahawa ya moto kikombeni, akampa sultani aliyekwisha panda.

"Mimi nishike kahawa?"

"Bwana wangu amesema asipande mtu mwingine. Basi nani mwingine ataishika huko juu?"

Tufani akaondoka mbio kuzunguka ua. Sultani, kwa mazoea yake, akavuta. Unywele ukakatika, kahawa ikammwagikia mapajani, akapiga ukelele uliowaamsha walinzi.

"Mwingine," akasema Machano.

Ikawa hivyo kila siku. Sultani akivuta, unywele hukatika. Akiyumba, kahawa humwunguza. Shavu moja likaanza kubaki tupu, hata mkewe akamwuliza kama ndevu zimeingiwa na nondo. Mara nyingi aliapa kumchinja Machano, lakini amri ilikuwa yake mwenyewe, nayo ameitamka sokoni mbele ya wauza dagaa wote.

Basi kwa kuzihurumia ndevu, mkono wake ukawa mwepesi, kama wa mtu aliyeshika kifaranga. Kwa kuihofu kahawa, akajifunza kukaa wima, kiuno kikifuata mwendo wa farasi. Naye Tufani, alipoona hakuna tena mtu wa kumning'inia kinywani, akalegeza shingo, akatafuna lijamu polepole, akaenda kwa hatua za kupimwa. Asubuhi moja sultani akatulia juu ya tandiko, akashusha pumzi, akanong'ona kwa kuogopa kutikisa kikombe: "Simama."

Farasi akasimama.

Sultani akachungulia kikombe. Kimejaa. Mtu yule, ambaye hakuwahi kutiiwa bila kupiga kelele, akasema kwa sauti ya mtoto, "Tena."

Siku ya Idi wauza samaki waliyahamisha matenga yao mapema. Sultani akaja mbio, ndevu nusu, kahawa mkononi. Watu wakarudi nyuma, wakamwacha Machano peke yake katikati ya njia.

"Simama," akasema sultani taratibu.

Tufani akasimama, akampumulia Machano usoni. Sultani akainywa kahawa yake yote, na mji ukalipuka kwa vigelegele.

"Ewe mjanja," akasema, "farasi huyu hukumfunza hata neno moja!"

"Ningemfunzaje, bwana, nami nimekatazwa kumpanda? Nimemfunza aliyeruhusiwa."

Vigelegele vikakatika. Sultani akajishika shavu lisilo na ndevu.

"Kwa maneno hayo," akasema, "nakupa nyumba, chakula cha jumbani maisha yako yote, na huyu Tufani. Panda, nikuone!"

Machano akaanguka magotini. "Nyumba napokea, chakula napokea! Lakini farasi, bwana wangu, nimekukosea nini? Mimi hata ngazi ya darini huipanda nimefumba macho!"

Sultani akacheka. Akacheka hata kilemba kikamtoka, akacheka hata akateleza ubavuni mwa farasi, akaanguka chini pwaa mbele ya raia zake wote, naye bado anacheka. Na Tufani, hatamu imelegea shingoni, hakuinua hata ukwato.