Siku Nyevu Alipokataa Kuinuka

Paukwa!

Pakawa!

Naona sauti zimepungua leo. Kutwa mmelima, mmetwanga, mmebeba. Basi kaeni, nyoosheni miguu kuelekea motoni. Hadithi hii haina haraka, nayo ni ya mtu aliyechoka kutushinda sote.

Hapo zamani za kale, wakati mbuzi akisalimiwa akiitikia na punda akiulizwa jambo akijibu, palikuwa na kijiji kikiitwa Mabungoni. Hapo aliishi mwanamke kijana, jina lake Nyevu, pamoja na mumewe Tsuma, na mama yake Tsuma, Bi Mbodze. Mwaka huo mvua iligoma. Mahindi yalinyauka yakiwa bado kimo cha goti, kisima kikabaki tope, na katikati ya ukame ule Nyevu akajifungua mtoto wa kike, uzazi wake wa kwanza.

Alishikwa na uchungu siku mbili. Mtoto alipotoka, Nyevu hakuwa na nguvu hata ya kugeuza shingo amtazame. Matiti yake yakatoa maziwa machache, mazito, ya manjano kama kiini cha yai. Ndiyo yale watu huyaita dang'a.

"Haya ni machafu," akasema Bi Mbodze. "Yamelala ndani miezi tisa. Mtoto hapewi!"

Akayakamua, akayamwaga, kisha akamtia mtoto maji ya asali mdomoni.

Wala msimwone Bi Mbodze kuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, na ndivyo alivyofanyiwa mama yake. Mtoto akapewa jina, akaitwa Kadzo.

Kwa desturi mzazi hukaa ndani siku arobaini. Halimi, hatwangi, hachoti maji. Lakini mwaka wa njaa hauna arobaini. Siku ya saba Nyevu alikuwa na mchi mkononi. Asubuhi achote maji, mchana apalilie mihogo, jioni atwange mtama. Asubuhi, mchana, jioni. Mtoto alipolia, alimweka kwenye ziwa, naye Kadzo akashika ncha ya chuchu, akavuta. Chuchu zilikuwa zimechanika. Nyevu aliona kama ameguswa na kaa la moto, akang'ata pindo la kanga, akamwimbia mwanawe kwa sauti ndogo:

*Vuta, mwanangu, vuta,*
*mama yako kachoka,*
*kuchoka si kukataa.*

Kadzo akavuta, hakushiba, akalia. Bi Mbodze akaja na bakuli.

"Ziwa lako halina kitu, mwanangu. Mpe uji."

Akampa uji mwepesi wa mtama, uliopikwa kwa maji ya kisima kile. Mtoto akalala. Akaamka, akalia, akapewa uji, akalala. Akaamka tena, akalia, akapewa uji tena. Tumbo lilipojaa uji, ziwa hakulitaka. Na ziwa lisipotakiwa, likaanza kunywea.

Wiki ya tatu Kadzo akaanza kuhara.

Siku hiyo Nyevu alikwenda kisimani, mtoto amembeba mgongoni. Njiani akamwona Mbuzi amefungwa kwenye mti, mwanawe anamnyonya, na Mbuzi anatafuna majani makavu kama hakuna linalotokea. Nyevu akatua mtungi, akakaa chini.

"Mbuzi, hujambo?"

"Sijambo, mzazi mwenzangu. Wewe ndiye naona una jambo."

"Wako anavuta, hulii. Wangu akivuta, nalia. Una siri gani?"

Mbuzi akaacha kutafuna. "Wako anashika wapi?"

"Kwenye ncha."

"Basi ni hapo. Wangu wa kwanza alishika ncha, nikampiga teke. Akashika ncha, nikampiga teke. Akashika ncha, nikampiga teke, mpaka nikachoka kupiga mateke. Mlaze tumbo lake liguse tumbo lako. Mngojee apanue mdomo kama anayepiga mwayo, kisha umpe ziwa la kujaa mdomo. Chuchu iingie ndani kabisa."

Nyevu akafanya palepale, chini ya jua. Mara ya kwanza mtoto akateleza. Mara ya pili akateleza. Mara ya tatu akashika, na Nyevu akangoja lile kaa la moto, lisije. Maumivu yalikuwepo, lakini sasa yalikuwa ya mwiba tu. Akamwimbia:

*Vuta, mwanangu, vuta,*
*mama yako kachoka,*
*kuchoka si kukataa.*

Lakini maziwa yalikuwa machache, na jioni bakuli likaja tena.

Siku ya pili akamkuta Ng'ombe amelala kivulini, mbavu zinahesabika, ndama wake pembeni.

"Ng'ombe, maziwa yangu yameisha."

"Maziwa hayaishi, mzazi mwenzangu. Maziwa huitwa. Ndama akivuta, kiwele kinasikia kwamba kuna mtu, kinatengeneza mengine. Asipovuta, kiwele kinadhani ndama amekufa, kinafunga mlango. Wako anashibishwa na nani?"

"Na uji."

"Basi ziwa lako liko matangani, linamlilia mtoto aliye hai. Na uji huo mnaupika kwa maji gani?"

"Ya kisima."

Ng'ombe akapumua kwa pua, puu! "Maji yale nikiyanywa mimi tumbo linanguruma, na mimi nina matumbo manne. Huyo wako ana tumbo moja, dogo kama ndimu. Usimpe uji, usimpe maji. Chakula chake na maji yake yote yamo ndani ya ziwa. Mpe akilia, mpe kabla hajalia, mpe usiku na mchana."

"Usiku na mchana!" Nyevu akasema, machozi yakamtoka. "Na mihogo? Na mtama? Na mtungi huu?"

Ng'ombe akarudi kucheua. Alikuwa hajawahi kushika jembe.

Siku ya tatu Nyevu akakutana na Punda mwembamba, mgongo una vidonda, amebeba kuni hadi masikioni. Wote wawili wakasimama, kwa maana wote wawili walikuwa wamechoka.

"Punda, nimejifunza kumshikisha mtoto. Nimeambiwa nimpe ziwa usiku na mchana. Sijui saa nitaitoa wapi."

"Hata mimi nilijifunza," Punda akasema. "Nilizaa mwaka juzi. Nilijua kumshikisha, nilijua kumpa kila alipotaka. Lakini nilibebeshwa kuni asubuhi, nikabebeshwa maji mchana, nikabebeshwa mahindi jioni. Nikifika, yeye kalala na njaa. Maziwa yakakatika."

"Yuko wapi mwanao?"

Punda akatazama vumbi. Nzi wakamtembea machoni, asiwafukuze.

"Nina miguu minne," akasema mwishowe, "nikaendelea kutembea. Heri ningelala chini njiani, mzazi mwenzangu. Wangenipiga, lakini ningelala."

Akaondoka na kuni zake. Nyevu akamfungua Kadzo mgongoni, akamtazama. Mtoto alikuwa halii. Midomo ilikuwa mikavu, na alipoguswa shavu hakugeuza uso kutafuta ziwa. Hapo Nyevu akageuka, akarudi nyumbani na mtungi mtupu. Akatandika mkeka ukumbini, akakaa, akaegemeza mgongo ukutani, akampakata mwanawe.

Bi Mbodze akatoka jikoni. "Maji yako wapi?"

"Sikuchota, Mama."

"Na mtama nani atatwanga?"

"Sijui, Mama. Siinuki."

Bi Mbodze akashika kiuno. Toka azaliwe hakuwahi kusikia mkaza mwana akisema neno hilo. Akamwita mwanawe kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. Tsuma akaja mbio kutoka shambani, jembe begani.

"Nyevu, unaumwa?"

"Nimechoka, Tsuma. Siinuki."

"Lakini mke wangu, kila mwanamke hapa amezaa na anafanya kazi."

"Na kila mwanamke hapa muulize amezika wangapi. Siinuki."

Bi Mbodze akaingia ndani, akarudi na bakuli, akachuchumaa, akapeleka kijiko kwenye mdomo wa Kadzo. Nyevu akaufunika mdomo ule kwa kiganja chake. Mkono haukutoka.

"Mama, nakuheshimu. Ukitaka kunifukuza, nitarudi kwetu leo hii, kwa miguu. Lakini mtoto huyu hapewi uji tena."

Bi Mbodze akataka kuuondoa mkono ule. Katika kuusukuma, vidole vyake vikapita juu ya kichwa cha mtoto, vikafika kwenye utosi. Utosi ulikuwa umebonyea, kama ugali uliobonyezwa kwa kidole gumba. Bi Mbodze akaacha kusukuma. Akagusa tena, polepole. Kisha akakaa chini kwa kishindo, bakuli likapinduka, uji ukamwagika kwenye kanga yake, asiupanguse.

"Mama?" Tsuma akaita.

"Kabla yako walikuwa wawili," Bi Mbodze akasema. Hakumtazama mtu. "Wa kwanza utosi ulikuwa hivi. Wa pili utosi ulikuwa hivi. Niliambiwa ni jicho la watu. Nikafunga hirizi, nikahama nyumba, nikagombana na jirani zangu wote. Wewe ulipozaliwa, bibi yako alikuwa amekwenda msibani kwa ndugu zake, akakaa huko miezi miwili. Hapakuwa na mtu wa kunikorogea uji. Nikakunyonyesha tu, kwa sababu sikuwa na kingine. Wewe ukaishi. Na mimi miaka yote hii sikujiuliza kwa nini."

Tsuma akashusha jembe begani. Akauchukua ule mtungi mtupu, akatoka nao.

Kisimani wanawake walimcheka. "Tsuma, umeolewa lini?" Siku ya pili wakamcheka tena. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, maana jua lilikuwa kali, foleni ilikuwa ndefu, na kila mmoja wao alikuwa anawaza ni nani angembebea mtungi wake.

Bi Mbodze akashika mchi. Mabega yalikuwa ya kizee, kila baada ya pigo moja alipumzika. Akapika uji mzito, akauleta ukumbini kwa Nyevu. "Huu ni wako. Kunywa wewe, yeye atanywa kwako."

Na Nyevu akanyonyesha. Siku ya kwanza Kadzo alikuwa dhaifu, akavuta mara mbili akalala. Nyevu akamkamulia matone kwenye ulimi, akamwamsha, akamweka tena, akamwimbia:

*Vuta, mwanangu, vuta,*
*mama yako kachoka,*
*kuchoka si kukataa.*

Siku ya pili akavuta zaidi, na ziwa likaanza kuwasha kwa ndani, kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Siku ya tatu, mtoto akiwa upande wa kulia, upande wa kushoto ukachuruzika wenyewe, kanga ikalowa. Bi Mbodze akaliona lile doa. Akalishika kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani, halafu akageuka haraka akatazama uani.

Kuhara kukakoma. Midomo ikalainika. Utosi ukarudi juu kidogo kidogo, Bi Mbodze akiupima kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Sasa msinielewe vibaya, mkadhani uchovu uliondoka. La. Ziwa moja lilivimba likawa gumu kama jiwe, Nyevu akatetemeka kwa homa siku mbili, Bi Mbodze akilikanda kwa kitambaa cha maji moto na kumwambia, "Mpe hilihili, mwanangu, alifungue." Mvua ilichelewa mwezi mzima tena. Usingizi ulikuwa wa vipande vipande. Yako mambo ambayo hata mbuzi hana dawa yake.

Jioni moja, Kadzo akiwa na miezi miwili na mikunjo mapajani, Nyevu alikuwa akimnyonyesha ukumbini, na usingizi ukambeba ghafla, amekaa vilevile, mdomo wazi. Mikono ikalegea. Mtoto akaanza kuteleza. Bi Mbodze, aliyekuwa akipepeta mtama, akatupa ungo, akapiga magoti, akaingiza mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto, na mwingine chini ya kiwiko cha mama. Kadzo hakuachia ziwa. Nyevu hakuamka.

Tsuma akarudi na maji, akamkuta mama yake amepiga magoti. "Mama, nikusaidie?"

"Shh! Usiniguse. Wamelala."

Kuku wakala ule mtama wote. Magoti yakamuuma, yakafa ganzi, jua likazama, na Bi Mbodze hakuinuka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema ni yetu sote, na kama kuna aliyepakata mtoto, msimwamshe.