Mwanamke Aliyehesabiwa Maiti

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na mwalimu mmoja mcha Mungu aitwaye Sheikh Mundhiri. Aliuhama mji wake pamoja na mkewe, Bi Ruwaida, wakaenda kuishi juu ya mlima wa Kivumo, mbali kabisa na njia za misafara. Nia yao ilikuwa kuwafundisha watu wa huko kumjua Mola wao. Hawakuwa na askari wala zawadi za kugawa. Walikuwa na msahafu, mbuzi wa maziwa, na subira, ambayo Sheikh aliihubiri sana na Bi Ruwaida ndiye aliyeitumia.

Usidhani, ndugu yangu, kwamba kazi ya daawa ni hotuba tu. Asubuhi Sheikh alilima mtama kama majirani zake, na ngedere wakamlia mtama wake kama walivyowalia majirani. Alasiri aliwafundisha watoto herufi kwa kuziandika mchangani. Bi Ruwaida alisaga nafaka pamoja na wanawake, na huko kwenye mawe ya kusagia, katikati ya umbeya na vicheko, ndiko walikojifunza Alhamdu. Wa kwanza kuihifadhi alikuwa Sinde, mjane mcheshi aliyezoea kusaga karibu naye. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka shahada pia, tena kwa sauti kubwa, mpaka wenzake wakamwambia apunguze.

Sasa watu wa Kivumo walikuwa na ada moja iliyowatisha wao wenyewe kuliko ilivyomtisha mgeni. Mgonjwa akizidiwa, alibebwa hadi kwenye kibanda kilichokuwa ukingoni mwa genge. Chakula alisukumiwa kwa mti mrefu. Asiposikika tena kukohoa wala kuguna, wanaume walivuta kamba kutoka mbali, paa likamwangukia, mambo yakaisha. Hakuna aliyegusa maiti. Aliyeigusa alihesabiwa kuwa naye amekufa: jina lake halikutajwa tena, hakupewa moto wala maji, na aliyekutana naye njiani aligeuza uso. Walimkumbuka mwanamume mmoja aliyemkumbatia mwanawe aliyefariki. Huyo alipita milango yote akiwaita watu kwa majina yao, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyejua alifia wapi.

Basi Sinde akaanza kutema damu. Siku aliyokuja kuchukuliwa, alimshika Bi Ruwaida mkono, akamwuliza, "Dada, nikifa utanigusa?"

"Nitakugusa. Nitakuosha kwa mikono yangu."

Ulimi ulikuwa umesema kabla moyo haujashauriwa. Alirudi nyumbani, akamweleza mumewe. Sheikh alikaa chini. Alijua kwamba mwanamke huoshwa na wanawake, na kwamba juu ya mlima ule hapakuwa na mwanamke mwingine atakayethubutu.

"Mke wangu," alisema baada ya kufikiri, "dini yetu ina huruma. Mwenye kuihofia nafsi yake ana ruhusa ya—"

"Usiniambie," Bi Ruwaida akamkatiza. "Sitaki kuijua hiyo ruhusa, maana nikiijua nitaitumia. Naogopa, mume wangu. Naogopa mpaka mate yamenikauka."

"Nami naogopa," Sheikh akakiri. Wakakaa, kila mmoja akitamani kimoyomoyo kwamba mwenzake angekuwa shujaa kidogo.

Siku chache baadaye kibanda kikanyamaza. Asubuhi, Bi Ruwaida alijitwika mtungi wa maji yenye majani ya mkunazi, akakunja kwapani shuka lake jeupe la kusalia. Mzee Lukwaro, mkuu wa mlima ule, alikuwa amesimama kwa mbali pamoja na watu wake, kamba ikiwa tayari mikononi mwao. Hakuwa mtu mwovu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona jirani akielekea shimoni.

"Mke wa mwalimu," aliita, "rudi! Ukiingia humo hutoki. Kitakachotoka si wewe tena."

Maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye mifupa. Alitazama nyuma, akawaona wanawake aliosaga nao, na mmoja wao alikuwa akilia. Akainama, akaingia.

Ndani palikuwa na harufu nzito, na macho ya Sinde yalikuwa wazi. Bi Ruwaida alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena, akaurudisha. Mara ya tatu alisema "Bismillahi" kwa sauti iliyopasuka, akamfumba macho rafiki yake. Kisha akamwosha, akianzia upande wa kulia kama alivyofundishwa, huku machozi yakichanganyika na maji. Akamvika shuka lile liwe sanda. Sheikh, ambaye tangu alfajiri alikuwa akichimba kaburi peke yake, akamsalia, wakamteremsha kaburini wao wawili. Walipoinua vichwa, watu wote walikuwa wameshaondoka.

Tangu siku ile wakawa wafu. Moto wao ulipozimika, hakuna aliyewapa kaa. Maji waliyateka chini kabisa, kwenye dimbwi la mifugo. Mchangani pale pa herufi hakuja mtoto hata mmoja. Kila asubuhi Bi Ruwaida aliwatolea salamu wanawake waliopita, nao wakapita kimya, wakitazama mbele, kana kwamba ni upepo tu uliovuma kichakani. Jambo hilo, ndugu zangu, si dogo. Mtu akikutukana, walau amekuona. Lakini kutoonekana asubuhi, kutoonekana jioni, na watu wale wale uliosaga nao nafaka! Hofu ikaanza kumla. Alikuwa akisimama dimbwini akitazama sura yake majini, asiondoke.

Jioni moja alimshika mumewe bega kwa nguvu. "Mimi nipo?"

"Upo."

"Sema tena."

"Upo, Ruwaida. Upo." Sheikh akalia mbele yake, naye hakuwa mtu wa kulia ovyo. "Tuondoke, mke wangu. Mola haibebeshi nafsi ila iwezalo. Tuteremke kesho."

Bi Ruwaida akatikisa kichwa. "Natamani kuondoka kuliko unavyojua," alisema. "Lakini tukitoweka, watasema, mnaona? Aliyemgusa Sinde alipotea. Na atakayekuja kufa baada ya hapo atakufa akiogopa zaidi. Tukae, Sheikh. Nishike tu mkono nikianza kuuliza."

Wakakaa. Mtama ukakomaa, ukavunwa, nao bado ni wafu.

Hata siku moja, jua la mchana likiwaka, Mzee Lukwaro alitokea kiamboni kwao akivuta mbuzi. Alisimama kwa mbali akiwapa mgongo, maana ada haikumruhusu kusema na wafu. Akaanza kusema na mbuzi.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti kubwa, "mama yangu amezidiwa. Jana tulimpeleka kibandani. Anapiga kelele, mbuzi wewe. Anasema hataki paa. Anasema anamtaka yule aliyemshika Sinde, aje amshike."

Mbuzi akala majani. Bi Ruwaida alisimama mlangoni. Miguu yake ilikikumbuka kibanda kile, ikakataa kusogea.

"Anamtaka nani?" aliuliza.

Lukwaro hakujibu. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mzee, mama yako anamtaka nani?"

Yule mzee akageuka polepole, uso umelowa, akamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Anamtaka Ruwaida," alisema. "Wewe, Ruwaida. Naogopa, mwanangu. Ni mama yangu, na ninaogopa kumgusa."

"Hata mimi naogopa," alimjibu. "Twende."

Wakaenda. Bi kizee alikuwa hai bado. Bi Ruwaida alikaa chini, akakipakata kichwa chake, na zile kelele zikatulia zikawa pumzi. Mzee Lukwaro alibaki mlangoni, akiingiza mguu mmoja na kuutoa. Pumzi zilipoanza kukatika aliingia, akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake. Pumzi ya mwisho ilipotoka hakuuachia. Nje, waliokuwa wameshika kamba waliitupa chini, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwangushia mkuu wake paa.

Inasemekana kwamba Bi Ruwaida alipozeeka aliulizwa na wanawake kama ile hofu ilimtoka siku ile. Akasema, "Haikunitoka hata kidogo. Ilinisindikiza mpaka mlangoni, nikaingia nayo."

Basi, enyi ndugu, tusingoje hofu itutoke ndipo tutimize ahadi. Huenda isitoke. Na kila mmoja wetu ana siku yake atakapolala asiweze kujiosha. Ewe Mola, siku hiyo utujaalie mkono wa kutushika, hata kama utakuwa ukitetemeka.