Barua Iliyosainiwa na Mfumo

Hapo zamani, si zamani ya majitu bali zamani ya juzi tu, mafundi watatu walitunza mfumo wa kompyuta wa ofisi moja ya ufadhili wa masomo. Shule zilituma fomu kwa mtandao, mfumo ukazipokea, ukazisoma, ukajibu.

Mfumo huo uliandikwa kwa Java, lugha mojawapo ya kompyuta, nao ulikuwa wa vipande. Kila kipande kilikuwa na lebo: namba ya toleo lake, kinachotoa, kinachohitaji. Vipande viliamini lebo tu. Na kimoja kiliweza kubadilishwa huku vingine vikiendelea na kazi. Mafundi walijivunia hilo. Kwenye ubao wa mlangoni waliandika: Siku 412 bila kusimama.

Mwaka huo ofisi iliamua kwamba mtoto asiye na wazazi aandikiwe jina la mlezi. Fundi mmojawapo, Mwantumu, akatengeneza upya kipande cha kusoma fomu, akaongeza mstari wa mlezi. Lebo akaiacha na namba ileile ya zamani.

Mwenzake Mbelwa akakipachika. Lakini kipande cha kupokea kilikuwa bado kimeshikilia kile cha zamani, na kingekiachia tu kama kingewashwa upya. Huduma ingesimama dakika moja, na ubao ungerudi sifuri. Hakukiwasha upya.

Fundi wa tatu, Kaniki, ndiye aliyeandika kipande cha kujibu. Kilisema "Imepokelewa" mara fomu ilipofika, kabla haijahifadhiwa, ili walimu wasisubiri.

Basi mwalimu mmoja akatuma fomu ya Semkiwa, binti aliyelelewa na bibi yake. Jibu likaja: Imepokelewa. Kumbe kipande cha zamani cha kusoma kilipokuta mstari wa mlezi hakikuujua, kikaitupa fomu. Za wenye wazazi zikapita zote. Maombi yakafungwa. Semkiwa akabaki nyumbani, na sare aliyokwisha kushonewa akapewa binamu yake.

Mwalimu akalalamika. Mkuu wa ofisi akawaita mafundi. "Mtoto ataombwa radhi kwa barua. Nataka jina moja chini yake, na mwenye jina aipeleke mwenyewe."

Mwantumu akasema, "Bila mimi mtoto asingekuwa hata na mstari wa kujaza. Namba nilisahau, sawa. Lakini Mbelwa alijua kazi yake."

"Nijue nini, dada? Lebo yako ilisema hakuna kilichobadilika. Nisimamishe huduma kwa ajili gani?"

"Sema ulikuwa unaulinda ubao wako."

"Wangu? Siku ya mia nne tuliposherehekea, keki ulianza kula wewe."

Kaniki akasema, "Mimi sikugusa kitu mwaka mzima."

"Ndiyo hivyo," Mwantumu akamjibu. "Kipande chako kingesema kweli, mwalimu angetuma tena siku ileile."

"Walimu walitaka haraka. Nanyi mlinipigia makofi."

Wakabishana mpaka saa ya kutoka. Barua ikaenda kwa posta. Chini yake paliandikwa: Mfumo.

Semkiwa akamsomea bibi yake. Bibi akauliza, "Huyo Mfumo ni mtoto wa nani?"

Haya, ninyi mliosikiliza, msaidieni Semkiwa kumjibu bibi: je, jina la nani lilistahili kuandikwa pale?